Kaseti Iliyokosa Mwanzo

Faida mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda shuleni kuwaaga wenzako wa kundi, na bibi yako amejilaza baada ya swala ya alasiri, kwa hiyo nimebaki peke yangu uani na kalamu yako niliyoiiba kwenye mkoba. Usiitafute. Nimekaa palepale nyuma ya jiko unapokaa na tumba zako, ngoma hizo ndefu, kila jioni. Jirani ameshachungulia juu ya ukuta kuuliza kwa nini leo kumekuwa kimya, nikamjibu aanze kuzoea. Kisha nikaingia jikoni nikalia kidogo, nikanawa uso, ndiyo nimerudi kuandika.

Karatasi hizi nitazichomeka katikati ya nguo zako. Tafadhali zisome treni ikishapita Uvinza, si kabla. Ukizisoma ukiwa bado hapa utaanza kunibembeleza, na mimi nikibembelezwa huwa nasema mambo nisiyoyataka.

Sitakuandikia habari za safari. Bibi yako amekueleza zote tangu juzi, nawe ukamwitikia "ndiyo Bibi, ndiyo Bibi" huku vidole vyako vikigonga meza. Usipokee chakula cha mtu usiyemjua, usitoe mkono dirishani, usimpe mtu begi akushikie. Ni maneno mazuri na nusu yake utayasahau kabla ya Tabora. Mimi hayo hayaninyimi usingizi. Kinachoninyima usingizi ni vile vijiti viwili.

Najicheka mwenyewe. Akina mama wengine hapa Rusimbi wakipeleka binti Dar es Salaam wanahofia wanaume. Mimi nahofia vipande viwili vya mti ambavyo ukivitia mfukoni havionekani.

Tuseme mambo kama yalivyo. Jumatatu utasimama mbele ya vijana wa shule ya Mwalimu Benedikto kule Dar es Salaam, wale wanaopiga muziki ambao yeye anauita jazi ya Kilatini na ambao sisi kwetu Kalemie tuliuita tu muziki wa Kuba. Utapiga nao, na wao ndio watakaosema kama wanakutaka. Wakikutaka, utabaki huko mpaka umalize kidato cha sita, na utakuwa na kibali chako mwenyewe, cha mwanafunzi. Wakikukataa, utarudi Ujiji kwenye kibali changu mimi, ambacho kila kinapokaribia kwisha tunakaa roho juu, hatujui kama tutaachwa hapa kwa bibi yako au tutapandishwa lori kurudi kambini. Na kule kambini hakuna kidato cha tano. Haya yote unayajua. Nimeyaandika ili ujue kwamba na mimi nayajua, hata zile siku ninapojifanya nimeshughulika na samaki wangu.

Na Mwalimu alisema wazi: mgeni pale kwao hapewi tumba. Anapewa vijiti kwanza. Angesema tumba ningelala vizuri, maana kwenye tumba hakuna kijana wa Dar es Salaam atakayekutisha. Lakini vijiti! Watu wakiviona wanadhani ni kazi ya mvivu. Unagonga kimoja juu ya kingine, mapigo matatu yaliyoachana, kisha mawili yaliyokaribiana, tatu, mbili, tatu, mbili, tangu wimbo unaanza mpaka unakwisha. Kumbe wengine wote wamejiegemeza hapo. Kengele, tumba, zile ngoma ndogo pacha za bongo, waimbaji, wote. Ukigeuza, ukaanzia mbili pale ambapo wimbo unataka tatu, kila mtu anajikuta anapigana na mwenzake na hajui ugomvi umetoka wapi. Unayajua kuliko mimi, lakini niache niyaseme. Nikiandika ndipo ninapoelewa.

Nimekuwa nikijiuliza kosa letu la kugeuza mapigo lilianzia wapi. Nadhani lilianza na baba yako.

Bendi yetu ilikuwa inapiga kwenye ukumbi mmoja karibu na stesheni, Kalemie. Baba yako kwenye tumba, mimi mbele na manyanga, naitikia nyimbo za Kihispania ambazo hakuna hata mmoja wetu aliyejua maana yake. Nyuma kabisa, pembeni, alisimama bwana mmoja mwembamba aliyeitwa Kasongo na vijiti vyake. Nimefanya kazi na Kasongo miaka, na ukiniuliza leo alikuwa na sura gani sikuambii. Mimi nilikuwa namtazama baba yako. Mikono yake, Faida! Alikuwa akipiga ananiangalia, na mimi nikitingisha manyanga nasahau hata maneno ya wimbo. Alipoanza kuumwa nikawa nakaa kwenye tumba badala yake, na nilizijua zote, kila kofi na kila kidole, kwa ajili ya kule kutazama. Vijiti sikuvijua. Vilikuwa vinagonga tu huko nyuma, kama saa ya ukutani ambayo huisikii mpaka isimame.

Usicheke. Wewe pia una tabia hiyo ya kutazama mahali pamoja ukasahau kwingine kote, na umeitoa kwangu. Sikuambii uiache, maana mimi sikuiacha na sijutii. Nakwambia tu kwamba huwa ina bei, na bei yake mara nyingi huja wakati umeshasahau ulichonunua.

Vita vilipotufikia, baba yako tulikuwa tumeshamzika. Tumba zake nilimwachia ndugu yake. Nilichochukua ni wewe, sufuria moja, na kaseti moja ya nyimbo za Kuba niliyoifunga kwenye pindo la khanga. Ile boti tuliyovukia ziwa iliingia maji tulipokaribia upande huu. Sijui kama unakumbuka, ulimtapikia mzee mmoja wa watu magotini, naye badala ya kukasirika akakuombea dua. Tuliposhuka Kigoma kaseti ilikuwa imelowa chapachapa. Baadaye, bibi yako alipofanikiwa kutuombea kibali tukatoka kambini tukaja kukaa naye, kitu cha kwanza nilichofanya katika nyumba ya watu ni kuifungua ile kaseti na kuanika utepe wake juani, kama dagaa.

"Wee mwana," bibi yako akaniambia amesimama mlangoni, "umevuka ziwa na roho yako tu, na bado unahangaika na muziki?"

"Shangazi, hii ndiyo roho yenyewe," nikamjibu. Alisonya akaingia ndani. Ila jioni akaniletea redio ya marehemu mumewe.

Sehemu ya mwanzo ya utepe ilikuwa imejikunja na kunatana, haikunyooka hata nilipoivuta kwa meno. Nikaikata kwa wembe. Nikaunga iliyobaki kwa selotepu, nikaizungusha kwa kalamu, nikaitia redioni. Ikalia! Faida, nilipiga vigelegele mpaka mtoto wa jirani akaja kuuliza nani kaolewa. Sikujiuliza hata kidogo nimekata nini.

Nilikuwa nimekata tatu. Wimbo wa kwanza wa kaseti ile unaanza na vijiti peke yake, kabla hata tumba hazijaingia, tatu kisha mbili. Wembe wangu ukaondoa zile tatu za kwanza, ukaacha mbili. Katika nyimbo zote nyingine za kaseti ile vijiti vimefunikwa na tarumbeta, huvisikii vinapoanzia. Ule ndio ulikuwa mlango pekee, na mimi niliuvunja nikauunga kwa selotepu, nikaamini ndivyo ulivyojengwa.

Ndipo nikaja kuwafundisha ninyi. Mkuu wa shule aliposikia kwamba kuna mama pale Rusimbi aliyekuwa bendini, akaniita nifundishe vijana wa sekondari baada ya masomo. Fundi seremala akatutengenezea tumba kwa mbao za mapipa ya mawese, zikawa zinanuka mawese kila zikipata joto, mpaka nzi wakawa wanachama wa kundi. Nikasimama mbele yenu kama mtu aliyesomea kazi hiyo. "Mbili ndiyo mlango, tatu ndiyo chumba," nikawaambia. "Mtu haingii chumbani bila kupita mlangoni." Mlilishika neno hilo mpaka mkawa mnanirudishia kwa kelele kila nikiuliza. Na nyimbo zenu wenyewe mlizotunga, ule wa soko, ule wa mvua, mkazijenga zote juu ya mbili. Hakuna aliyejikwaa, kwa sababu wote tulikuwa tumekosea pamoja.

Mpaka Mwalimu Benedikto alipokuja. Alikuja kusikiliza kwaya, akasikia tumba zikitoka darasa la nyuma, akaacha kwaya ya watu. Nakumbuka alivyokaa kwenye ngazi, mikono magotini, amekutazama wewe tu. Mlipomaliza akatoa tarumbeta lake kwenye mkoba. "Nifuateni," akasema. Mkamfuata, na kila kitu kikaanguka. Sijapata kusikia fujo kama ile, na mimi nimepiga harusi za walevi. Juma wa Mwamgongo, Mungu amjalie, ndiye aliyeacha kengele yake akanyoosha mkono.

"Mwalimu, samahani, tarumbeta lako limeharibika?"

Mwalimu Benedikto alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akanigeukia. "Shikamoo Mama. Nani aliwaambia inaanzia mbili?"

"Kwetu ndiyo vile iko," nikamwambia.

"Zipo nyimbo zinazoanzia mbili, Mama. Lakini unausikiliza wimbo kwanza ndipo unajua. Hawa wanaanzia mbili wimbo wowote. Wanapiga vizuri ajabu, sijaona vijana wa shule wanaopiga hivi. Ila wamevaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia."

"Basi watu wa kwenu ndio wamevaa vibaya, baba," nikasema. Na chai niliyokuwa nimemwandalia sikumpa. Aliomba maji, nikamwonyesha bomba.

Hata hivyo hakukasirika. Alinifuata mpaka getini kuniambia kwamba mikono yako haipaswi kubaki Kigoma, na kwamba ataongea na shule yake wakujaribu. Ningepaswa kumshika mkono. Badala yake nilirudi nyumbani nimevimba kama chapati, na wiki zile zilizofuata, wiki ambazo wewe ulihitaji kila jioni ya mazoezi, nilikulazimisha upige vilevile nilivyokufundisha. Ulipojaribu siku moja kuanzia tatu nilitoka jikoni na mwiko mkononi. Unakumbuka nilisema nini. Nilisema kama unamwamini mtu wa tarumbeta kuliko mama yako, uende akakupikie yeye. Maneno gani hayo ya kumwambia mtoto anayejiandaa kwa jambo kubwa kuliko yote aliyowahi kupata? Mpaka leo nikikumbuka masikio yananiwaka.

Sikukutendea hivyo kwa sababu nilikuwa na hakika. Nilikutendea hivyo kwa sababu hofu ilishaniingia. Tumepoteza vitu vingi mno, mwanangu, nyumba, kaburi la baba yako ambalo sijui nani analifyekea majani, na katika vyote nilibaki na kimoja ninachokijua. Mtu akija kuniambia hata hicho nimekishika kinyume, nitamnyima maji.

Mwishowe nikaenda kwa Mzee Ramadhani, fundi redio wa kule karibu na soko la Ujiji, maana nilisikia ana santuri za zamani. Nilimwambia nataka kusikia wimbo mmoja tu, ule wa kwanza wa kaseti yangu. Alikuwa nao. Akapuliza vumbi, akaweka sindano, nikasikia tatu. Nikamwomba arudishe. Tatu. Nikamwomba tena.

"Mama Faida," akasema, "hata ukikaa hapa mpaka magharibi itaanza hivyohivyo."

Nilirudi kwa miguu njia nzima, nikajipanga namna ya kukuambia. Nilikukuta unaosha vyombo. Nikasema, "Faida, yule mwalimu alikuwa na haki. Inaanzia tatu." Nilitegemea ukasirike, na ningekubali. Wewe hata hukugeuka.

"Nilishajua, Mama."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ya tarumbeta. Nikitoka shule napita ufukweni na Juma. Yeye ananiimbia ule wimbo wa Mwalimu, mimi nagonga. Kule naanzia tatu. Nikija hapa napiga mbili."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

Ukasuuza sahani nzima ndipo ukanijibu. "Ungeumia. Lakini poa tu, Mama, usijali."

Nimekuwa nikijali tangu saa ile. Nilidhani mimi ndiye ninayekulinda. Kumbe wiki zote hizi ulikuwa unakwenda ziwani kujifunza kilicho sahihi, kisha unarudi nyumbani kukosea kwa makusudi ili mama yako asijisikie vibaya. Watoto wengine huficha wavulana. Wewe ulificha mapigo matatu. Sijui kama nimewahi kupendwa hivyo na mtu yeyote, na sijui kama nimewahi kuona aibu hivyo.

Na sasa ndipo hofu yangu ilipo, hebu nisikilize vizuri. Jumamosi iliyopita, kwenye onyesho la kukuaga, ulishika vijiti. Ulianza tatu, safi kabisa, nikapumua. Kisha waimbaji walipoingia, ukumbi ukachangamka, watu wakaanza kupiga makofi, nikaona mikono yako inateleza. Ukaruka pigo, ukawa upande wa mbili. Ni muda mfupi, ukajirudi. Wazazi hawakujua, mkuu wa shule hakujua, alikuwa anacheza. Tulijua mimi na Juma. Na wewe, maana uliinua macho ukanitafuta. Mikono ilikuwa inarudi kwenye kitu cha kwanza ilichofundishwa, na kitu hicho nilikiweka mimi, tangu ukiwa mdogo, kwa wembe na selotepu. Nikifumba macho naiona Jumatatu. Naona vijana wasiokujua, ukumbi usioujua, mikono yako ina baridi, na wakati mgumu unapofika, hiyo, inateleza.

Nikwambie kilichonipata mimi. Mara ya kwanza kukaa kwenye tumba za baba yako, yeye akiwa kitandani, nilipotea katikati ya wimbo. Ukumbi umejaa. Nilijua nimepotea, na unajua nilifanya nini? Nikapiga kwa nguvu zaidi. Nilidhani nikipiga kwa nguvu watu watanifuata mimi. Gitaa likayumba, mwimbaji akanitolea macho, na mimi ndiyo kwanza naongeza makofi. Viganja viliniuma siku kadhaa. Aliyeniokoa ni Kasongo. Alitoka kule nyuma kwake, akapita katikati ya wenzake, akaja kusimama karibu kabisa na sikio langu, akaendelea kugonga vijiti vyake vilevile, bila kusema kitu, bila hata kuniangalia. Nikanyanyua mikono. Nikanyamaza, nikasikiliza, nikaona mahali pa kuingia, nikaingia. Akarudi kwake. Sikumshukuru usiku ule, wala siku nyingine yoyote.

Nimefanya hivyo maisha yangu yote, Faida, kupiga kwa nguvu nikipotea. Kwa baba yako, kwa maofisa wa vibali, kwa yule mwalimu, kwako na mwiko mkononi. Ukiona mikono yako imepotea, inyanyue. Kunyamaza kidogo hakujawahi kumwua mpiga ngoma.

Hapo ndipo nilipotaka kuishia na ushauri wangu, nilipouandika kichwani wakati napaa samaki asubuhi. Kisha nikakumbuka kwamba safari hii vijiti viko mkononi mwako wewe. Ukipotea, nani atakuja kukugongea sikioni? Nimelifikiria hilo mpaka samaki wakaungua na sina jibu. Labda ukose pigo moja usikilize wimbo unataka nini, kama Mwalimu alivyosema. Labda. Nakwambia labda kwa sababu nimechoka kukuambia mambo kwa uhakika. Ninachojua ni kwamba usiinue macho kunitafuta, sitakuwepo. Na hata ningekuwepo, uso wangu ungekuambia mbili.

Wakikuuliza kwa nini unateleza, waeleze. Usiseme hukufundishwa, na usijiite mjinga. Sema mlikuwa na kaseti moja, ililowa ziwani, mama akakata mwanzo wake. Wakicheka, cheka nao, maana kwa kweli inachekesha. Juma amenipitia leo asubuhi, akanisalimu kwa lugha ya kwao, "Mwakeye, Mama," akaanza kunisimulia tena ile siku ya tarumbeta, tukacheka pale mlangoni mpaka bibi yako akatoka kuona kuna nini. Ni baada ya yeye kuondoka ndipo kicheko kilipogeuka hofu.

Limebaki moja nililokuwa nalizungukia. Nilitaka nisiliandike, lakini ukiwa mbali utakuwa unajituliza kwa kusema mama ananiombea, na sitaki ujitulize kwa kitu usichokijua vizuri.

Leo alfajiri niliswali, nikaomba ufaulu. Niliomba vizuri, kwa jina lako na jina la baba yako. Kisha, nikiwa bado nimekaa kwenye mswala, nikajikuta naomba kitu kingine. Nikaomba ukosee. Kidogo tu, wakurudishe. Nikakuona unaingia mlangoni na begi lako, umechoka na vumbi la treni, na moyo wangu ukafurahi, Faida. Ulifurahi kweli. Sikukumbuka kibali, wala kambi, wala kidato cha tano. Niliposhtuka nikaomba upya, nikafuta, nikaomba upya tena, lakini mwenye kusikia ameshasikia yote mawili, na siwezi kukuapia ni lipi nililisema kwa moyo zaidi. Hata sasa ninapoandika, nikisikia mlango wa nje naomba uwe ni wewe, na umebadili mawazo.

Watoto wa watu husafiri wakitegemea dua ya mama. Wewe safari hii usiitegemee yangu. Tegemea mikono yako, na Jumatatu mikono hiyo ikianza kurudi nyumbani, kwenye mbili zangu, usiifuate.

Mama